Makapu Elfu Tatu ya Bwana Fisi

Mwenye kinyaa na asogee pembeni mapema, kwa sababu hadithi hii ina mavi kuanzia juu hadi chini, na mimi sina nia ya kuyaita maua. Waliobaki tusogeleane.

Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua katika bonde la Ngurunga. Nyasi ziliisha kwanza, majani yakafuata, na wanyama wakabaki na chakula kimoja tu: viazi mwitu, vile vichungu ambavyo Ngiri alikuwa akivichimbua kwa meno yake. Viazi hivyo vina tabia mbaya. Vikichemshwa tangu asubuhi hadi alasiri, ni chakula. Vikiliwa vibichi, mnyama mkubwa huharisha siku mbili na mnyama mdogo hufa.

Basi kuchemsha kulitaka moto, na moto ulitaka kuni, na kuni hazikuwepo. Miti yote ilikuwa imekatwa isipokuwa migunga saba kando ya kidimbwi. Hiyo Simba alipiga marufuku kuigusa. Alisema anaitunza kwa ajili ya vizazi vijavyo, lakini kila mtu alijua kwamba ndiyo iliyokuwa ikimpa kivuli cha kulalia.

Msishangae kusikia Simba na Fisi wanakula viazi. Wanyama walikuwa wamewekeana mkataba wa ukame: mvua isiponyesha, hakuna kula jirani. Fisi aliutia sahihi huku akilia machozi. Simba aliutia sahihi kwa heshima, na tangu siku hiyo kila akiletewa kiazi alikitazama, akavuta pumzi, akasema, "Maini haya yamekaa vizuri." Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Kazi ya upishi wa mfalme nayo ilikuwa wazi miezi mingi. Kwa desturi ya Ngurunga, mpishi huonja mbele ya mfalme, akala kiazi kizima, kisha akakaa juu ya jiwe la kuonjea mpaka kivuli cha mgunga kilifikie. Akibaki mzima, mfalme hula. Zilipokwisha kuni, kazi hiyo haikupata mwombaji hata mmoja.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Bi Digidigi, yule swala mdogo mwenye macho makubwa na miguu ya vijiti. Mwanawe wa kwanza alikufa mwezi uliopita, kwa kiazi kilichoiva nje kikabaki kibichi ndani. Alibaki na mmoja, binti aitwaye Sikudhani, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kulala mchana kutwa. Bi Digidigi alikuwa akimwamsha kila baada ya muda mfupi, bila sababu yoyote ila kuona kama ataamka.

Ndipo Sungura aliporudi kutoka safarini. Alikuwa amekwenda kijijini kwa binadamu kuyasalimia maharage ya watu, akakaa huko wiki nzima chini ya kibanda cha bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili. Aliporudi alikwenda moja kwa moja barazani.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "nimeona moto usiokula kuni. Yule bibi ana shimo. Analilisha mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, amelifunika lisipitishe hewa, na juu kuna bomba. Shimo lile ni kama tumbo. Ukililisha polepole likazoea, linatoa hewa. Hewa ile akiiwashia kiberiti, inawaka. Anapikia maharage. Nimeyaonja, yameiva."

Simba alikunja pua. "Unataka mimi, mwana wa wafalme kumi na wawili, nile maini yaliyopikwa kwa mavi?"

"Mfalme, tangu alfajiri ya leo umekwenda kichakani mara tisa kwa sababu ya hayo maini," Sungura akajibu. "Mavi tayari yamo katika habari hii. Mimi nashauri tu yafanye kazi."

Baraza zima lilitazama chini. Tembo alikohoa kuficha kicheko, lakini kikohozi cha Tembo hakifichi kitu. Simba alifikiri, tumbo likamsaidia kufikiri, na mwishowe akasema shimo lichimbwe.

Swali likawa nani atakayeleta samadi. Wanyama wa Ngurunga walikuwa wakijisaidia popote walipobanwa, na hakuna aliyewahi kuona faida ya kugeuka nyuma.

"Lazima pawe na zawadi," alisema Sungura. "Mnyama habebi mzigo unaonuka kwa ajili ya uzalendo. Mfalme ana mitungi ya asali pangoni. Mwenye kuleta moto apewe asali. Moto ukichemsha chungu, kata moja. Usipochemsha, hapati hata harufu."

Hapo Bwana Fisi alisimama. Alikuwa mwembamba siku hizo, ila mdomo haukuwa umekonda. "Mfalme wangu, roho yangu," alisema, "huyu Sungura ana maneno matamu, lakini moto hauna mpini. Utaushika wapi uupime? Kapu linashikika. Kapu linahesabika. Tulipe kapu! Kapu moja la samadi, kata moja ya asali. Mwisho wa mwezi Mfalme utasimama utangaze: makapu elfu! Moto utautangaza vipi? Utasema tulikuwa na moto mzuri?"

Neno "utangaze" lilimwingia Simba kama mwiba mtamu. Alijiona juu ya jiwe akinguruma hesabu ile, bonde zima likimsikiliza. "Tutalipa kapu," aliamua. "Na wewe Fisi, kwa kuwa umeonyesha akili, utakuwa Msimamizi wa Makapu."

"Mfalme," Sungura akaanza, "mwenye kuleta kapu na mwenye kulipokea wakiwa mtu mmoja..."

"Baraza limefungwa," alisema Simba.

Sungura alibetua mabega, akaenda zake kulala. Alikuwa amesema la kwake. Lilikuwa kosa, na baadaye alilijutia, lakini Sungura ana ugonjwa huo: akishinda kwa maneno huona kazi imekwisha, akishindwa kwa maneno huona si kazi yake tena.

Shimo kubwa lilichimbwa chini ya mgunga wa kwanza. Lilifunikwa ngozi ya nyati aliyekufa kwa uzee, pembeni likazibwa kwa udongo wa mfinyanzi na nta, na bomba la mwanzi likachomekwa. Palikuwa na sherehe ya uzinduzi. Simba alikata kamba, Kunguru wakashangilia kwa malipo, na moto haukuwepo, lakini hakuna aliyeuliza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa ameshakwenda kupumzika.

Asubuhi ya kwanza Tembo alifika wa kwanza, akiwa na furaha. Hatimaye bonde lilikuwa limetambua kipaji chake. Alijisaidia donge moja tu, na kapu likapasuka.

"Limezidi kipimo," alisema Fisi akiwa ameketi penye kivuli. "Kapu lililopasuka si kapu. Kanuni ya saba."

"Hata siku moja haijapita, kanuni zimeshafika saba?" aliuliza Tembo.

"Tunakwenda na wakati, babu."

Akafuata Bi Digidigi. Ukoo wa digidigi una desturi yake: hawajisaidii ovyo. Wana jaa moja la ukoo, na bibi, mama na mtoto wote huenda palepale, kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo yeye peke yake katika bonde zima alikuwa na samadi iliyokusanywa tayari. Lakini mavi ya digidigi ni punje ndogo kama pilipili manga, na kapu alilopewa lilikuwa la kupimia nyati. Alibeba punje zake tangu alfajiri hadi saa nne, na kapu likafika nusu.

"Halijajaa," alisema Fisi bila kuangalia.

"Bwana Fisi, ni samadi safi, haina hata jani. Mwanangu hajala tangu juzi. Nipe basi nusu kata, nimlambishe."

"Bi Digidigi, sheria haina nusu. Ukishajaza, karibu."

Alimwaga zile punje shimoni, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mchana alipokwenda tena jaani kuchota, alikuta hakuna jaa. Ardhi ilikuwa imefagiliwa. Samadi ya mababu zake wote ilikuwa imekombwa, na katikati ya kile kiwanja kilichobaki palikuwa na donge moja jeupe, kavu, kama chokaa. Bi Digidigi alilitazama akaelewa. Katika Ngurunga mnyama mmoja tu alikuwa akiguguna mifupa hata wakati wa mkataba, na mwenye kuguguna mifupa hutoa meupe. Fisi akipita mahali huacha sahihi.

Siku hiyo Fisi alijipokelea makapu arobaini. Kumi yalikuwa ya jaa la ukoo. Thelathini yalikuwa mchanga wa mto uliokauka, juu yake amepaka samadi kidogo kama anayepaka siagi. Palipopungua alijazia sahihi yake. Alijipa asali kata arobaini, akalamba na mwiko.

Msidhani ni yeye peke yake. Wiki ya pili Ngiri naye aligundua kwamba mchanga unabebeka na haunuki. Wiki ya tatu Nyani, Nungunungu na hata Korongo, ambaye ana miguu ya kizee mwenye heshima, walikuwa wakipita na makapu ya mchanga wakisalimiana kwa adabu. Aliyeleta samadi ya kweli alichekwa. Fisi hakumkataza mtu, mradi kila kata kumi za asali alete moja kwake.

Baada ya majuma matatu bomba lilitoa mwali mdogo wa buluu. Wanyama wakapiga kelele za furaha, Bi Digidigi akambeba Sikudhani mgongoni akaja mbio. Mwali ule uliwaka kwa muda wa mtu kupiga chafya mara mbili, kisha ukazimika. Haukurudi.

"Bwana Fisi, moto uko wapi?" waliuliza.

"Mchakato unaendelea," alijibu Fisi.

"Unaendelea kwenda wapi?"

"Wadau wote watafahamishwa."

Jioni ile Simba alipanda jiwe lake akanguruma: "Wananchi wa Ngurunga! Tumefikisha makapu elfu tatu!" Wakapiga makofi. Kisha wakaenda kula viazi vibichi, wakubwa wakakimbilia vichakani na wadogo wakalala na njaa.

Bi Digidigi hakupiga makofi. Alikwenda kwa Sungura, Sikudhani akiwa bado mgongoni, akamkuta amelala kifudifudi mlangoni pake akitafuna mzizi.

"Sungura," alisema, "amka nikutukane."

Sungura alinyanyua sikio moja. "Nimekukosea nini, Bi Digidigi?"

"Wewe na mdomo wako! Ulikuja hapa na hadithi ya moto, ukaweka tamaa kwenye moyo wangu. Ukajua Fisi atafanya nini. Ulijua! Kisha ukaenda kulala, kwa sababu ulishaonekana mwerevu. Mimi nina mtoto mmoja, Sungura. Nilikuwa na wawili. Akifa huyu, werevu wako nitaupikia wapi?"

Halafu akalia, na si kwa siri. Sungura alitema mzizi. Aliona aibu mpaka ncha za masikio zikamwasha.

"Nipe siku kumi na tano," alisema hatimaye.

"Hana siku tano."

"Atakuwa nazo. Subiri hapa."

Fisi alikuwa na kawaida ya kulala baada ya asali, tumbo juu, mitungi imemzunguka. Sungura alipita katikati ya miguu yake, akachota kata moja, akarudi. Alimlambisha Sikudhani kidogokidogo mpaka yule mtoto akafungua macho na kuomba tena.

"Hii si asali ya wizi?" aliuliza Bi Digidigi.

"Wizi ni anaofanya Fisi. Hii ni ruzuku," alisema Sungura.

Ruzuku ile ilitolewa kila siku, bila barua.

Kisha wakachimba shimo lao, dogo, nyuma ya kichuguu karibu na nyumba ya Bi Digidigi. Ngozi walipata ya swala mmoja aliyekufa kwa kiu, mwanzi wakaokota, nta Sungura aliikwangua mitungini mwa Fisi. Ilibaki samadi. Jaa la ukoo halikuwepo tena, kwa hiyo Sungura alikwenda kwa Tembo, aliyekuwa bado amenuna kwa sababu ya kanuni ya saba.

"Babu, nasikia walikikataa kipaji chako."

"Donge moja!" alisema Tembo kwa uchungu. "Donge moja tu nilitoa, tena dogo!"

"Mimi ninalo shimo lisilo na kanuni. Njoo kila asubuhi ukishakunywa maji."

"Mtanipa nini?"

"Kwa leo hatukupi kitu. Moto ukiwaka utakula kiazi kilichoiva. Usipowaka utakuwa umepoteza kitu ambacho hata hivyo ulikuwa unakwenda kukiacha."

Tembo aliona hapo hakuna hasara. Alikuja kila asubuhi, akageuka kwa ustaarabu, akafanya yake. Bi Digidigi alikoroga kwa maji, akachambua kila jiwe na kila kijiti kwa vidole vyake, akalilisha shimo polepole kama anavyolishwa mgonjwa. Siku ya kumi na nne ngozi ilianza kuvimba. Siku ya kumi na tano Sungura aligonga mawe mawili mbele ya bomba, na mwali wa buluu ukasimama. Walisubiri uzimike. Haukuzimika. Chungu kilichemka tangu asubuhi hadi alasiri, Bi Digidigi akakimenya kiazi, akakiponda, akakionja mwenyewe, akasubiri, kisha akampa Sikudhani. Mtoto alikula akalala. Mama yake akakaa kumtazama, na safari hii hakumwamsha.

Wengine wangeishia hapo wakafurahi. Lakini asali ya pango ilikuwa karibu kuisha, na bonde zima lilikuwa bado linakula vibichi. Sungura alikwenda kwa Simba. Hakusema neno kuhusu mchanga. Mfalme aliyetangaza makapu elfu tatu huwezi kumwambia ni mchanga, maana atamkasirikia aliyesema kabla ya kumkasirikia aliyebeba.

"Mfalme," alisema, "makapu elfu tatu yamekaa tu bila sherehe. Mfalme mwingine angeshakula chakula cha kwanza cha moto ule mbele ya wananchi wake."

"Kweli," alisema Simba akijinyoosha.

"Bingwa wa makapu awe mpishi. Apewe mtungi wa mwisho wa asali. Na kwa kuwa ni sherehe ya kifalme, mambo yaende kwa desturi."

"Bila shaka kwa desturi. Mimi ni nani nisifuate desturi?"

Mbiu ikapigwa. Fisi alisikia maneno mawili tu katika ile mbiu, "bingwa" na "asali", akakubali kabla mpiga mbiu hajafika mwisho. Jiwe la kuonjea alilikumbuka baadaye, akiwa nyumbani, nywele za mgongo zikamsimama. Hata hivyo Fisi si mjinga. Alikwenda kwa Ngiri, akampa mtungi mzima wa asali, na Ngiri akakusanya vijiti vya mwisho vilivyobaki bondeni akamchemshia kiazi kimoja, kikaiva barabara. Fisi alikificha kwenye jivu nyumbani kwake. Siku ya sherehe angekibadilisha tu, akale kilichoiva mbele ya watu, na hesabu imekwisha.

Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba kiazi kilikuwa kinanukia. Asubuhi ya sherehe Fisi alikifukua ili akikague tu. Akakata kipande, ahakikishe kimeiva. Kilikuwa kimeiva. Akakata cha pili, kusawazisha upande wa pili. Jua lilipochomoza vizuri alikuwa amebaki na ganda, na ganda nalo akalilamba.

Wanyama walikusanyika chini ya mgunga wa kwanza. Simba alikaa kwenye kiti chake. Fisi alisimama kando ya shimo kubwa, mbele ya chungu kilichokaa juu ya bomba, na chini ya chungu hapakuwa na kitu. Walisubiri tangu asubuhi. Hapakufuka hata moshi.

"Sioni moto," alisema Simba.

"Mfalme wangu, moto wa samadi ni wa buluu," alisema Fisi, jasho likimtoka. "Kwenye jua hauonekani. Ni teknolojia."

Hapo hakuwa amesema uongo wote, na Sungura alimkubalia haraka. "Kweli kabisa, Mfalme! Mwali wake ni hafifu mno juani. Njia ya kuujua ni kiazi. Kama moto upo, kiazi kimeiva. Bwana Fisi, desturi."

Baraza likaitikia kwa sauti moja, "Desturi!"

Fisi alizamisha mkono chunguni. Maji yalikuwa baridi ya asubuhi. Alitoa kiazi kikubwa kigumu kama jiwe, akatabasamu kwa meno yote, akauma.

Kach!

"Laini," alisema Fisi.

Kach! Kach!

"Kinayeyuka kabisa mdomoni," alisema, machozi yakimlengalenga. Sauti ya kutafuna ilifika hadi kidimbwini. Korongo alifumba macho. Tembo hakuweza kukohoa tena, alianza kutetemeka mwili mzima. Fisi alimaliza kiazi kizima, akapanda juu ya jiwe la kuonjea, akakaa.

Kivuli cha mgunga kilikuwa umbali wa hatua nne, nacho hakikuwa na haraka. Kilipotambaa hatua ya kwanza, tumbo la Fisi lilinguruma, na Simba akageuka akidhani ameitwa. Kilipotambaa hatua ya pili, Fisi alikuwa amekunja miguu.

"Mfalme wangu, roho yangu, naomba ruhusa kidogo."

"Kaa," alisema Simba.

"Ni dharura, Mfalme."

"Mchakato unaendelea," alisema Bi Digidigi kutoka nyuma, kwa sauti yake ndogo, na bonde zima likalipuka kwa kicheko.

Fisi hakusubiri hatua ya tatu. Aliruka kutoka kwenye jiwe akitafuta kichaka, lakini vichaka vilikuwa mbali. Kilichokuwa karibu ni shimo. Alirarua ile ngozi ya nyati, akachutama ukingoni, na hapo mbele ya mfalme, Kunguru na wadau wote, Bwana Fisi akatoa mchango wake wa kwanza wa kweli.

Ngozi iliporaruka, kila mtu aliona kilichomo. Palikuwa na mchanga mkavu tangu juu hadi chini, na ndani ya mchanga madonge meupe, mamia kwa mamia. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani. Ngiri, Nyani na Nungunungu walianza kutazama mawingu ambayo hayakuwepo.

Simba alisimama. Manyoya yake ya shingo yalitetemeka. Alikuwa ametangaza mchanga kutoka juu ya jiwe lake, kwa sauti yake mwenyewe, na Sungura alijua hasira ile ilikuwa inatafuta pa kuangukia.

"Mfalme, wewe uliletewa hesabu," alisema taratibu. "Hukuletewa moto. Moto uko huku."

Wakamfuata nyuma ya kichuguu. Pale palikuwa na kishimo kisichozidi tandiko la kulalia, bomba moja, na chungu kilichokuwa kinatokota tangu asubuhi. Sikudhani alikuwa anaruka juu ya kichuguu na kushuka, akiruka na kushuka, kwa sababu sasa alikuwa na nguvu za kupoteza. Bi Digidigi alipakua. Alimpa mwanawe kwanza. Baraza likaguna kwa hofu, lakini hakuomba radhi. Kisha akaonja cha mfalme, akakaa chini palepale bila jiwe, kivuli cha kichuguu kikamfikia akiwa mzima, akamsogezea Simba.

Simba alikula. Alitafuna kwa muda mrefu huku amefumba macho.

"Maini yamekaaje, Mfalme?" aliuliza Tembo.

Simba alifungua macho. "Hiki ni kiazi," alisema. "Na kimeiva."

Sheria mpya ilitangazwa siku hiyohiyo, nayo ilikuwa fupi kuliko kanuni zote za Fisi. Kapu halilipwi, hulipwa moto unaochemsha chungu. Na kila mtu ale kilichoivia kwenye shimo lake au la aliyekubali kushirikiana naye. Ndani ya mwezi kulikuwa na mashimo kumi na tisa bondeni. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeyatia mchanga, ingawa hapakuwa na msimamizi hata mmoja. Tembo alikaribishwa kila nyumba, akawa anapita asubuhi kama daktari.

Na Fisi? Alihukumiwa kuutoa ule mchanga wote, kapu kwa kapu, elfu tatu, na hapati kiazi kilichoiva mpaka shimo lake liwake. Ukipita Ngurunga mchana utayaona masikio yake mawili tu yakichungulia juu ya ukingo, anachimba, anatupa mchanga, anauliza kama ni saa ya kula. Sikudhani hupenda kukaa pale juu akimhesabia kwa sauti, na akikosea huanza upya. Wakubwa hawamkatazi. Humsikiliza tu, kisha wanaambiana: mchimba kisima huingia mwenyewe.